Vidonge vya Damu na Presha ya Mwenye Mimba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika mambo yaulizwayo sana majumbani mwetu, khasa na akina bibi vijana walio katika mimba ya kwanza, ni habari ya vile vidonge wapewavyo kliniki, ambavyo watu wengi huviita "vidonge vya damu". Wako wasemao kwamba vidonge hivi huzidisha damu mwilini, na damu ikizidi huleta presha. Basi mja mzito huvipokea kwa adabu mbele ya mwuguzi, akafika nyumbani akavitia kabatini, vikakaa humo hata mtoto akazaliwa. Na wako wasemao kinyume cha hayo, kwamba vidonge hivi ni kinga ya presha, na kwamba anywaye viwili au vitatu hujilinda zaidi kuliko anywaye kimoja. Basi huyu naye hununua dukani vingine vyenye nguvu zaidi, akaongeza juu ya vile alivyopewa.

Kauli zote mbili hazikusimama juu ya haki, na kila moja yaweza kumletea madhara mama na aliyemo tumboni mwake. Kwa hivyo tumeona yafaa mwezi huu tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, ili mume na mke, na mama mkwe, na kijana aliye karibu kuoa, wote walijue.

Kwanza yatupasa kujua ni kitu gani kilichomo katika kidonge hicho. Aghalabu mna vitu viwili. Kimoja ni madini ya chuma, ambayo kazi yake ni kuipa damu wekundu wake na nguvu ya kuchukua hewa. Cha pili ni asidi ya foliki, nayo ni vitamini katika jamii ya vitamini B. Hii ya pili ndiyo tutakayoizungumza zaidi leo.

Asili ya habari yake ni hii. Mwaka 1928 tabibu mmoja wa kike wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchungua ugonjwa wa upungufu wa damu uliokuwa ukiwasumbua wanawake waja wazito, na miongoni mwao walikuwamo wafanya kazi wa viwanda vya nguo. Aliangalia chakula chao, akaona kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi kwa maskini, ambao mboga na matunda na nyama vilikuwa adimu katika sahani zao. Akajaribu kuwapa ile hamira iliyochujwa, ambayo huko Uingereza ni kitu rahisi cha kupakwa juu ya mkate, na wagonjwa wakapata nafuu. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1931. Katika hamira hiyo mlikuwamo kitu ambacho bado hakikuwa na jina. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wataalamu wa Marekani walikitoa kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Basi tangu asili yake, asidi ya foliki ni dawa ya majani ya mboga, wala si kitu kigeni kilichobuniwa ili kuwadhuru wanawake wetu, kama wengine wanavyodhani.

Kazi yake ni nini? Kila mahali mwilini panapoumbwa kitu kipya kwa haraka, vitamini hii huhitajiwa. Damu huumbwa kila siku, kwa hivyo yaihitaji. Na kiumbe kilichomo tumboni hukua kwa upesi usio na mfano, kwa hivyo chaihitaji zaidi. Katika siku za mwanzo kabisa za mimba, ngozi nyembamba ya mgongo wa mtoto hujikunja ikawa kama mwanzi, na mwanzi huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwanzi huo hufunga kabla ya kutimia siku 28 tangu mimba kutunga. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani mwake, kichwa kikawa kikubwa. Usipofunga upande wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa, na mtoto wa namna hiyo haishi.

Mwaka 1991 ilitangazwa huko Uingereza habari ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hii. Waliopewa asidi ya foliki, kabla ya kushika mimba na mwanzoni mwake, hatari ya kasoro hiyo kurudi kwao ilipungua kwa sehemu 72 katika mia. Mwaka uliofuata majaribio ya Hungaria yakaonyesha kwamba hata wanawake ambao hawajapata kabisa mtoto wa namna hiyo hupata kinga. Tangu hapo haikubaki shaka kwa matabibu juu ya faida hii.

Lakini tazameni, ndugu zetu, jambo moja lililofichika katika hesabu hiyo. Siku 28 ni chache. Mwanamke aweza kuwa bado anangojea siku zake, akidhani kwamba zimechelewa kwa safari au kwa uchovu, ilhali mwanzi ule umekwisha kufunga, au umekwisha kukosa kufunga. Na wengi wa akina bibi zetu hawaendi kliniki ila mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, wakati tumbo limekwisha kuonekana. Kidonge apewacho siku hiyo chamfaa kwa damu yake, wala asikiache. Walakini kwa mgongo wa mtoto kimekwisha kuchelewa. Kwa hivyo kidonge hiki si cha mwenye tumbo tu, bali ni cha bibi harusi. Miligramu 0.4 kila siku, yaani maikrogramu 400, tangu pale mke na mume wanapotarajia mtoto, hata ipite miezi mitatu ya mwanzo. Kisha huendelea na vile vya kliniki vyenye chuma hata ajifungue. Enyi vijana mnaoposa, mnahesabu mahari na mnahesabu gharama za karamu, basi hesabuni na hiki, kwani bei yake haifiki hata ya shada moja la maua.

Sasa na tuje kwenye presha.

Kosa la wale wa kauli ya kwanza latokana na kuchanganya mambo mawili. Kuwa na damu ya kutosha ni jambo moja, na presha ni jambo lingine. Damu ni kama maji yaliyomo mferejini, na presha ni nguvu ya maji hayo yanapousukuma ukuta wa mfereji. Mfereji ukiwa mwembamba na mgumu, nguvu huwa kubwa hata maji yakiwa machache. Ndiyo maana utamwona mja mzito aliyepauka kwa upungufu wa damu, naye presha yake i juu. Chuma na asidi ya foliki hurudisha damu iliyopungua. Hazifanyi mishipa kuwa myembamba.

Ama presha ya mimba, asili yake kubwa i katika kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa uzazi ilikuwa haina budi kupanuka ili ilishe kondo, nayo isipopanuka vyema, kondo hutoa vitu vinavyoidhuru mishipa ya mwili mzima wa mama. Presha hupanda ikafika 140 juu na 90 chini au kuzidi, aghalabu baada ya juma la 20. Ikifuatana na protini katika mkojo, au na dalili kwamba figo au ini au kichwa vimeguswa, basi huo ndio mwanzo wa kifafa cha mimba. Maradhi ya presha ya mimba, baada ya kutokwa na damu, ndiyo yanayoua wazazi wengi kuliko mengine ulimwenguni. Hili si jambo la kufanyiwa mzaha.

Je, yako maneno yoyote ya wataalamu yanayoihusisha asidi ya foliki na presha? Naam, yako, wala hatutaki kuwaficha wasomaji wetu. Wanavyuoni wetu wa hadithi hawakupokea kila habari kwa kuwa imesemwa. Walitazama imetoka kwa nani, na kwa njia gani, na je, yapingana na iliyo thabiti zaidi? Na sisi tufanye hivyo hivyo katika habari za tiba.

Mwaka 1991 na 1992 habari ya mgongo ilithibitishwa kwa majaribio, kama tulivyosema. Ama habari ya presha, matabibu walikuwa na matumaini. Katika mwaka 2008 wataalamu wa Ottawa, Kanada, walieleza kwamba wanawake waliotumia vitamini zenye asidi ya foliki walionekana kupata kifafa cha mimba kwa uchache kuliko wasiotumia. Kisha mwaka 2020 wataalamu wa mji wa Wuhan, Uchina, waliowafuatia wanawake zaidi ya 4,800, wakaeleza kinyume: kwamba waliotumia maikrogramu 800 au zaidi kila siku, tangu kabla ya mimba au mwanzo wake hata katikati, walionekana kupata presha ya mimba zaidi kuliko wasiotumia. Habari mbili hizi zote ni za kutazama tu: mtaalamu huangalia nani alitumia na nani hakutumia, kisha hulinganisha. Nawe wajua kwamba atumiaye dawa nyingi huenda ana sababu ya kuzitumia, kama vile umri mkubwa au mimba zilizoharibika, na sababu hiyo huenda ndiyo iliyoleta tofauti.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni ule wa majaribio, ambapo watu hugawanywa kwa kura, nusu wakapewa dawa na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, wala mtu asijue ni kipi alichopewa. Majaribio hayo yalifanywa katika nchi tano, nazo ni Kanada, Uingereza, Australia, Argentina na Jamaica, kwa wanawake wapatao 2,400 waliokuwa katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba. Nusu yao walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, tangu kati ya juma la 8 na la 16 hata kujifungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Katika waliopewa dawa, waliopata maradhi yale walikuwa 14.8 katika kila mia; na katika wasiopewa, 13.5 katika kila mia. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kutokea kwa bahati tu. Maana yake ni kwamba kiasi kikubwa cha asidi ya foliki hakikumkinga mtu na presha.

Basi hukumu yetu katika jambo hili ni hii. Anayeacha kidonge cha kliniki kwa kuogopa presha, anaacha faida iliyothibiti kwa ajili ya khofu isiyothibiti. Na anayeongeza vidonge kwa kutaka kinga ya presha, anatafuta faida ambayo majaribio hayakuiona, na huenda akajiletea asilolitaka. Iliyo bora ni njia ya kati na kati: kidonge kimoja, kwa kipimo chake, kila siku.

Na tuseme zaidi juu ya kipimo, kwani hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kidonge cha asidi ya foliki kinachouzwa katika maduka mengi ya dawa ni cha miligramu 5. Hicho ni zaidi ya mara kumi na mbili ya kile cha miligramu 0.4. Kidonge kikubwa hicho kina watu wake: mwenye maradhi ya selimundu, aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, na wengine awajuao tabibu. Hao waambiwe na tabibu wao, wala wasijipimie wenyewe. Ama mwanamke mwingine asikinunue kwa kusikia tu kwamba shoga yake alikitumia.

Tena huku kwetu iko sababu nyingine iliyo kubwa. Waja wazito wa Afrika Mashariki katika sehemu zenye malaria hupewa kliniki vidonge vya SP ili kujikinga na malaria. Dawa hiyo humuua mdudu wa malaria kwa kumzuilia foliki yake. Mama akinywa miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku, ni kama mtu aliyefunga mlango wa mbele akamfungulia mwizi ule wa nyuma. Katika Kenya ya magharibi ilijaribiwa jambo hili, na habari yake ikatangazwa mwaka 2006: kiasi cha miligramu 5 kilidhoofisha kazi ya SP, na kiasi cha miligramu 0.4 hakikuidhoofisha. Hii yatosha kuwa dalili kwamba zaidi si lazima kuwa bora.

Kama kidonge hiki si kinga ya presha, kinga yake ni nini? Ya kwanza ni kupimwa. Presha ya mimba huingia kimya kimya, mama akiwa anapika na kucheka kama desturi, na hakuna awezaye kuijua kwa kutazama uso. Kila aendapo kliniki na apimwe presha na mkojo, na asipopimwa aulize kwa upole. Shirika la Afya la Ulimwengu tangu mwaka 2016 lashauri mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane kwa uchache katika mimba moja.

Ya pili ni kwa wale walio katika hatari zaidi, kama aliyepata kuugua presha katika mimba iliyopita, au mwenye presha ya zamani, au kisukari, au maradhi ya figo, au mwenye mapacha. Hao huweza kuandikiwa na tabibu asipirini ya kiasi kidogo, nayo yapasa kuanzwa mapema, kabla ya juma la 20. Kwa hivyo mwenye kuchelewa kliniki huikosa. Na pale ambapo maziwa na dagaa na vyakula vingine vyenye kalisi ni haba, vidonge vya kalisi huwasaidia waja wazito kuepukana na presha. Hivyo navyo visinywewe saa moja na vidonge vya chuma, kwani kimoja humzuia mwenziwe. Hata chai yetu, ambayo hatuiachi asubuhi wala jioni, huzuia chuma. Basi kidonge kinywewe kwa maji, na chai ingojee.

Ya tatu ni kuzijua dalili za hatari: kichwa kuuma sana bila ya kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, na uso na mikono kuvimba ghafula. Yakionekana hayo, asingojewe mtu wala asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile. Wala isidhaniwe kwamba hatari imekwisha mtoto akizaliwa, kwani presha huweza kupanda katika siku za arobaini, mama akiwa kitandani na wageni wanaingia kumpa hongera.

Na hapa tuna neno moja la kuwaambia wazee wetu kwa heshima. Mzazi akianguka, akakakamaa na kutoa povu, wako wasemao mara moja kwamba ana jini, akaitwa mganga, na ubani ukachomwa, na saa zikapita. Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani ni katika itikadi yetu. Lakini mwenye mimba aangukaye kifafa ana maradhi yajulikanayo na dawa ijulikanayo. Sindano ya magnesiamu salfeti ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi 33 waliokuwa na dalili za kifafa cha mimba, na habari yake ikatangazwa mwaka 2002: ilipunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Someni dua, naam, lakini someni njiani mkielekea hospitali. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kujitibu, na kutegemea Mwenyezi Mungu hakumkatazi mtu kuchukua sababu.

Chakula nacho kisisahauliwe. Foliki imo katika mchicha, matembele, kunde, choroko, maharage, na machungwa. Lakini huharibika kwa moto mwingi na kwa maji ya kuchemshia yakimwagwa; basi mboga isipikwe hata ikapoteza rangi yake. Serikali ya Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011, na ya Kenya mwaka 2012, kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwanda vikubwa utiwe virutubisho. Hiyo ni faida kubwa, ila unga usagwao katika mashine za mtaani aghalabu hauna nyongeza hiyo, na kwa hivyo haumtoshelezi mtu akaacha kidonge.

Mwisho, kila mmoja wetu ana wajibu wake. Mwanamke wa Kiislamu ana elimu moja ambayo yamfaa sana hapa: kwa ajili ya sala na saumu amezoea kuzihesabu siku zake za hedhi. Na aziandike, kisha amwambie mkunga tarehe kamili, kwani hesabu ya mimba yote hujengwa juu ya tarehe hiyo. Mume naye ajue kwamba nafaka na nguo siyo nafaka na nguo tu. Nauli ya kliniki na bei ya dawa ni katika ihsani aliyoamrishwa kuishi nayo na mkewe. Mama mkwe, ambaye neno lake lina uzito nyumbani, na awe wa kwanza kumkumbusha mkaza mwana kidonge chake, si wa kwanza kumtisha nacho. Na akina sheikh wanaowafungisha vijana ndoa, wakisema neno moja juu ya jambo hili pamoja na nasaha zao, watakuwa wamefanya kheri ambayo thawabu yake haikatiki.

Mwana ni amana kabla hajaonekana kwa macho, na mama yake ni amana iliyo mbele yetu sasa. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi waja wazito wetu wote, awape salama katika uzazi wao, na atujaalie kizazi chema chenye afya na dini. Amin.